Funzo la Mikimbio 39



Mvuvi wa ndagala pale Rumonge hahesabu mwezi wake kama mtumishi wa ofisini anavyouhesabu wa kwake. Yeye huhesabu siku za giza. Mwezi unapokuwa mpevu na kuangaza ziwa lote, taa yake hupoteza nguvu ya kuwavuta samaki, naye hana budi kukaa pwani. Basi siku za kazi ni chache na zina hesabu. Nyavu nazo zina hesabu, kwani mvuvi wa kawaida hana nyavu za akiba nyumbani. Akiwa na pupa, akautupa wavu ovyo usiku wa kwanza na kuuchana, siku za giza zitampita bila ya chombo. Akiwa na woga, akauhifadhi wavu usichanike, atarudi mwaloni asubuhi na wavu mzima na mtumbwi mtupu. Watoto wake hawatakula wavu.

Nimeanza na mvuvi kwa sababu leo nataka kuzungumza juu ya mchezo ambao si wengi wanaoucheza katika mwambao wetu, tangu Kabezi hadi Nyanza-Lac. Mchezo huo ni kriketi. Msishangae, wala msiondoke redioni. Jirani zetu wa Rwanda wanaucheza, wa Tanzania wanaucheza, wa Kenya na wa Uganda wameucheza kwa muda mrefu. Na yaliyowapata Waganda katika mchezo huo mwezi Juni 2024 ni jambo ambalo mtu yeyote aliyevaa sare anapaswa kulitafakari.

Kwa wasioujua, nitaueleza kwa ufupi. Timu mbili hukutana, kila moja ina watu kumi na mmoja. Timu moja hurusha mpira, na nyingine hutuma wapigaji wawili wawili wenye magongo. Nyuma ya mpigaji husimikwa vijiti vitatu viitwavyo wiketi. Mpira ukipiga vijiti hivyo, mpigaji ametoka. Akiupiga mpira juu ukadakwa kabla ya kugusa chini, ametoka. Akiupiga vizuri, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na hapo hupatikana mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani mwa uwanja, huhesabiwa mikimbio minne, na ukivuka juu bila kugusa chini, sita. Watu kumi wakitoka, zamu imekwisha, kwa maana aliyebaki hana mwenzake wa kukimbia naye.

Hapo zamani mchezo huu ulikuwa wa siku nyingi. Baadaye ukawekwa mchezo wenye kikomo. Mipira sita huitwa ova moja, na katika mchezo mfupi kuliko yote katika mashindano makubwa ya siku hizi, kila timu hupewa ova 20 tu, yaani mipira 120. Kwa hiyo nahodha anaingia uwanjani akiwa na akiba mbili: mipira 120 na watu kumi wa kutolewa. Akiimaliza akiba ya watu mapema, mipira iliyobaki inapotea bure. Akiwatunza watu mno, mipira inakwisha naye hana mikimbio. Je, hayo si mambo ya yule mvuvi wetu, na siku zake za giza, na wavu wake mmoja?

Sasa tuje kwa Waganda. Mwezi Novemba 2023, mjini Windhoek katika nchi ya Namibia, Uganda iliishinda Zimbabwe, nchi ambayo imekuwa katika safu ya juu ya kriketi tangu miaka mingi. Siku chache baadaye ikaitoa timu ya Rwanda yote kwa mikimbio 65 na kuishinda bila taabu. Kwa ushindi huo Uganda ikawa timu ya 20 na ya mwisho kupata nafasi katika Kombe la Dunia la mwaka 2024. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huko. Watu wa Kampala walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Mwezi Juni wakasafiri mpaka Guyana, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Tarehe 3 wakakutana na Afghanistan. Waafghani wakafanya mikimbio 183. Uganda ikatolewa yote kwa mikimbio 58, na mrushaji mmoja, Fazalhaq Farooqi, akawatoa watu watano peke yake huku akiruhusu mikimbio tisa tu. Tarehe 8 wakakutana na West Indies, wenyeji wa mashindano. West Indies wakafanya 173. Uganda ikatolewa kwa mikimbio 39. Katika historia yote ya kombe hilo la wanaume hapakuwa na timu iliyowahi kupata chini ya hapo. Uholanzi tu ndiyo iliyokuwa imepata 39 kama hiyo, mwaka 2014. Tarehe 14, huko Trinidad, wakakutana na New Zealand. Wakapata mikimbio 40, na New Zealand ikaipita hesabu hiyo kabla ya kumaliza ova sita.

Askari mmoja kijana, tulipokuwa tukizungumza pale mwaloni Rumonge, aliniuliza, "Kaka, hao Waganda walifuata nini huko? Si wangebaki nyumbani kuliko kwenda kujiaibisha mbele ya dunia?" Swali lake si la kipuuzi. Wengi huuliza hivyo, na si kwa kriketi peke yake. Nimeona lijibiwe kwa utulivu, na kwa hesabu.

Tuanze na hesabu. Dhidi ya West Indies, Uganda ilitolewa katika ova 12. Maana yake ni kwamba ilitumia mipira 72, na mipira 48 ikaachwa bila kuchezwa. Dhidi ya Afghanistan ilitumia ova 16, ikaacha mipira 24. Hapa kosa liko wazi: akiba ya watu ilikwisha kabla ya akiba ya mipira. Lakini tazameni mchezo wa New Zealand. Siku hiyo Uganda ilicheza mipira 112, karibu yote, na bado ilipata mikimbio 40 tu. Mrushaji Tim Southee aliwapa mikimbio minne peke yake katika ova zake zote nne. Siku hiyo akiba ya mipira ilitumika karibu yote, lakini haikununua kitu. Mtu akitazama ubao wa matokeo tu ataona 39 na 40, atasema ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Siku moja wavu ulichanika, na siku nyingine wavu ulidumu karibu mpaka mwisho lakini mtumbwi ulirudi mtupu. Mwenye kutaka kuponya lazima kwanza ajue anaponya nini.

Na kuna mchezo wa nne, ambao wanaocheka huusahau. Tarehe 5 Juni Uganda ilikutana na Papua New Guinea. Warushaji wa Uganda waliwatoa wapinzani wote kwa mikimbio 77. Mzee wa timu, Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne, akaruhusu mikimbio minne tu na kuwatoa watu wawili. Kisha zamu ya kupiga ikaja, na ugonjwa ule ule ukarudi: wapigaji watano walikuwa wameshatoka na ubao ulisoma mikimbio 26. Hapo ndipo aliposimama Riazat Ali Shah. Alicheza mipira 56 akapata mikimbio 33. Katika mchezo wa ova 20 huo ni mwendo wa kobe. Siku nyingine angelaumiwa. Lakini siku hiyo Uganda ilihitaji mikimbio 78 tu, na mipira ilikuwa ya kutosha. Kilichokuwa kikipungua ni watu. Yeye aliitazama kazi iliyo mbele yake, akaacha kutazama majukwaa. Uganda ikashinda ikiwa imebakiwa na watu watatu wa kutolewa. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia.

Ndugu wasikilizaji, watu walewale walioanguka mbele ya West Indies ndio waliosimama mbele ya Papua New Guinea, na ndio waliokuwa wameishinda Zimbabwe. Basi hatuwezi kusema kwamba ni waoga. Na askari wetu waliohudumu Somalia kuanzia mwaka 2007, bega kwa bega na askari wa Uganda, hawahitaji kuambiwa na mwandishi wa redio kama Mganda ni mtu wa kukimbia ama sivyo.

Kama si woga, ni nini? Jibu ni mazoea. Kati ya mrushaji na mpigaji kuna mita 20 hivi. Mrushaji wa mbio wa kiwango cha juu huutuma mpira kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa. Piga hesabu: mpira unamfikia mpigaji katika muda wa nusu sekunde hivi. Katika nusu sekunde hiyo mtu hana nafasi ya kufikiri. Lazima jicho litambue, mguu usogee na mkono uinuke, vyote kwa pamoja, kama vile kuruta aliyefundishwa vizuri anavyolala chini asikiapo mlio wa risasi, kabla hajajiuliza umetoka upande gani. Elimu hiyo haiji kwa kuambiwa. Huja kwa kukutana na mpira kama huo mara mia, mara elfu. Warushaji wa Afghanistan, wa West Indies na wa New Zealand hukutana na wapigaji bora wa dunia mwaka baada ya mwaka. Wapigaji wa Uganda walikuwa wamezoea mipira ya jirani zao wa Afrika. Wakapelekwa kufanya mtihani katika somo ambalo walikuwa wamelisoma kidogo tu.

Historia inathibitisha jambo hili. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilifanyika Uingereza mwaka 1975, kwa mchezo wa ova 60. Afrika Mashariki ilipeleka timu moja ya pamoja. Mchezo wa kwanza New Zealand ilifanya mikimbio 309. Wapigaji wetu wakakaa uwanjani ova zote 60 bila kutolewa wote, wakapata 128. Walijilinda kishujaa, lakini kujilinda hakukuwa ndiyo kazi waliyoifuata. Mbele ya India walipata 120, na mbele ya Uingereza 94. Wakarudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Bila shaka wakati huo pia wako waliouliza walikuwa wamefuata nini.

Kisha ikapita miaka 21. Tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune nchini India, Kenya ilikutana na West Indies katika kombe hilo hilo. Kenya ilifanya mikimbio 166, jumla ndogo. Lakini West Indies, ambao ndio waliolitwaa kombe la kwanza mwaka 1975 na la pili mwaka 1979, walitolewa wote kwa mikimbio 93. Maurice Odumbe, nahodha wa Kenya, aliwatoa watatu. Mwaka 2003 Kenya ikaishinda Sri Lanka mjini Nairobi, ikaendelea mpaka nusu fainali. Ni kweli kwamba ilisaidiwa na New Zealand kukataa kwenda kucheza Nairobi. Hata hivyo Sri Lanka ilikwenda, ikacheza, ikashindwa. Basi aliyeanguka mwaka 1975 alikuwa ameacha njia nyuma yake, na wadogo zake wakaipita.

Lakini, ndugu zangu, msikilize na upande wa pili, kwa maana ukweli wa nusu ni hatari katika kazi yenu. Kenya ile ya nusu fainali haikudumu. Migogoro ya uongozi iliingia, michezo na timu kubwa ikawa michache, wakongwe wakastaafu bila ya warithi kutayarishwa. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza michezo rasmi ya kimataifa ya ova 50. Uzoefu si nishani, kwamba ukishavalishwa itakaa kifuani mpaka kufa. Uzoefu ni kama silaha. Usipoifuta na kuitia mafuta, inashika kutu, na siku utakapoihitaji haitalia. Uganda nayo imeonja jambo hilo. Katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2025 mjini Harare, nafasi mbili za Kombe la Dunia la mwaka 2026 zilichukuliwa na Namibia na Zimbabwe. Tanzania na Kenya zilifika nusu fainali. Uganda haikufika hata huko.

Tusiwacheke. Sisi wenyewe tunalo la kukumbuka. Mwezi Machi 2019, mjini Bujumbura, timu yetu ya Intamba mu Rugamba ilitoka sare na Gabon, bao moja kwa moja, ikapata kwa mara ya kwanza nafasi ya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwezi Juni tukaenda Misri. Nigeria ilitufunga bao moja, Madagascar bao moja, Guinea mabao mawili. Sisi hatukufunga hata moja. Lakini kumbukeni: Nigeria ilikaa mpaka dakika ya 77 ndipo ikapata bao. Madagascar ilikaa mpaka dakika ya 76. Ulinzi wetu ulisimama zaidi ya saa nzima mbele ya timu zenye majina. Kilichokosekana ni ule ujasiri wa mazoea, wa kujua la kufanya unapofika mbele ya lango la mtu mkubwa. Ni ugonjwa ule ule wa gongo la Uganda, umevaa jezi nyingine.

Sasa narudi kwenu mnaobeba silaha kwa niaba ya wananchi. Nataka kusema mambo matatu.

La kwanza ni kwa makamanda, tangu koplo mwenye watu wanane mpaka mkubwa mwenye maelfu. Askari wako anaposhindwa, kabla hujafungua kinywa kumtukana, jiulize swali moja: nilimfundisha lini kazi hii? Yule polisi kijana aliyepoteza subira mbele ya watu wenye hasira sokoni, ni mara ngapi alifanyishwa zoezi la kusimama mbele ya watu wenye hasira? Yule askari aliyemaliza risasi zake katika dakika tano za kwanza, nani alimfundisha kuzihesabu? Kama jibu ni kwamba hakufundishwa, basi kosa lina wazazi wawili, na mmoja wao ni wewe. Adhabu ni ya lazima pale palipo na uzembe. Lakini adhabu haiwezi kuziba pengo la mafunzo, kama vile fimbo haiwezi kumfundisha kuogelea mtoto anayezama.

La pili ni kwa askari mwenyewe. Usije ukajificha nyuma ya maneno haya, ukasema, "Redio imesema kosa ni la mwalimu." Riazat Ali Shah hakuwa na mwalimu tofauti na wenzake. Waliotoka mapema na yeye aliyebaki walitoka katika zoezi moja. Tofauti ilikuwa kwamba aliitambua hali ilivyo: watu wanapungua, mipira ipo, basi haraka ya nini? Kila amri unayopewa ina akiba zake. Ina muda, ina watu, ina risasi, ina mafuta ya gari, ina uvumilivu wa wananchi unaowalinda. Mara nyingi hii ya mwisho ndiyo inayokwisha kwanza, na ndiyo isiyoonekana ghalani. Jiulize, leo ni akiba gani inayopungua? Kuna siku ya kwenda mbio, na kuna siku ya kusimama imara mipira 56 huku watu wakikuzomea.

La tatu ni jibu kwa yule kijana wa mwaloni. Je, mdogo abaki nyumbani asije akaaibika? Hapana. Akibaki nyumbani, atabaki mdogo, na wanawe watazaliwa wadogo. Lakini asiende pia kama mtu anayekwenda harusini, akitosheka na kupigwa picha mlangoni. Aende, ashindwe kama ni lazima ashindwe, kisha arudi na hesabu kamili mkononi: hapa tulimaliza watu, hapa tulimaliza muda, huyu hakujua kucheza mpira wa namna hii. Nahodha wa Uganda, Brian Masaba, aliuacha unahodha baada ya mashindano yale. Ni haki yake. Lakini kubadilisha nahodha bila ya kubadilisha mazoezi ni sawa na kubadilisha rangi ya mtumbwi unaovuja.

Wale wa Rumonge, mwezi unapokuwa mpevu, hawalali mchana kutwa. Utawaona wamekaa mchangani, wamenyoosha miguu, wanapitisha wavu vidoleni jicho kwa jicho wakitafuta palipochanika. Hakuna anayewapigia makofi kwa kazi hiyo, na wala haionekani kuwa ni uvuvi. Lakini giza litakaporudi na taa zikawashwa ziwani, mwenye wavu uliotengenezwa na mwenye wavu uliopuuzwa watajulikana kabla ya alfajiri.

Siku za amani ndizo siku zenu za mwezi mpevu, ndugu askari. Zitumieni kutengeneza wavu.